Mama ameficha barua ya Selective Service kwenye mfuko wa IOM

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni kijana wa miaka 18, tunaishi Iowa. Nilizaliwa Fizi, Kivu Kusini, Kongo, nikakulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, na mwaka 2018 tukaletwa huku Marekani. Niko mwaka wa mwisho wa sekondari, na jioni napanga bidhaa kwenye duka la vyakula. Nyumbani mvulana ni mimi peke yangu, wadogo zangu watatu wote ni wasichana.

Mwezi wa pili ilifika bahasha yenye jina langu kutoka Selective Service, ofisi ya serikali inayoandikisha majina ya vijana wa kiume. Nilikuwa kazini. Mama aliona ile nembo ya tai, akamwita mdogo wangu wa darasa la tano amsomee. Mtoto akasoma, akageuza kwa Kiswahili chake: "Wanasema kaka lazima aandikishwe jeshi." Niliporudi usiku nilimkuta mama amekaa chini sakafuni, hajapika. Barua ameshaiweka kwenye ule mfuko mweupe wa IOM, shirika la kimataifa la uhamiaji, tuliokuja nao kwenye ndege, mfuko uko ndani ya sanduku, na ufunguo anao yeye.

Shangazi, mama ana sababu. Alikuwa na kaka yake, mjomba wangu ambaye sikumkuta. Mwaka 1996 vita vilipofika kwetu, askari wa Mzee Kabila walimkuta njiani akitoka ziwani na nyavu begani. Alikuwa na miaka 15. Walimpa bunduki, akawa kadogo kama watoto wengine waliobebwa siku hizo. Wengine walifika Kinshasa mwaka 1997, na baadaye wachache wakarudi kijijini. Yeye hakurudi. Bibi alikataa kabisa wasimfanyie matanga, mpaka naye akafa. Sasa mama ananiambia: "Sikuvuka Tanganyika na wewe mgongoni ili nije nikuandike jeshi kwa mkono wangu."

Baba anafanya kazi ya usiku kwenye kiwanda cha nyama. Nikimuuliza, anasema, "Ongea na mama yako." Baba mdogo aliye Texas alinipigia simu: "Usisaini kitu. Wakija, sema barua hukuipata."

Kisha shuleni mwalimu wa historia alituonyesha video ya mwaka 1969. Watu wanachota vidonge vya buluu kwenye chupa kubwa ya kioo, kila kidonge kina tarehe ya kuzaliwa, na vijana wa tarehe hiyo wanapewa namba ya kwenda Vietnam. Sikulala siku ile. Unajua sisi tulivyo. Mama anasema alinizaa wakati wa mvua kubwa, mwezi wa nne, ila kwenye karatasi za kambini niliandikwa 1 Januari. Baba ni 1 Januari. Mama ni 1 Januari. Kwenye kwaya yetu tuko vijana wanne tuliofika umri huo, mimi 18, mmoja 19, mwingine 21 na mwingine 24, na wote ni 1 Januari. Mmoja wao alisema kidonge kimoja tu kinatosha kuibeba kwaya yote upande wa wanaume. Wenzangu walicheka, mimi nilishindwa.

Nataka kuomba uraia mwaka huu, na nimesikia bila kujisajili huko naweza kupata matatizo. Naweza kujisajili kwenye kompyuta ya shule kwa dakika tano na mama asijue. Lakini mimi mama sijawahi kumdanganya. Nifanye nini? Na ile kura inaweza kurudi? Na mimi ambaye ni mvulana pekee wa mama yangu, wanaweza kunichukua?

Mtoto wa Tarehe Moja

---

Marahaba mwanangu.

Nianze na mdogo wako, maana hapo ndipo moto ulipowakia. Mtoto wa darasa la tano alifanya kazi ambayo hata sisi wakalimani wazima hututoa jasho. Hakukosea kwa ubaya. Kiingereza kina neno moja ambalo kwa Kiswahili tunaligawa: kuna kuandikisha jina kwenye daftari, na kuna kuingia jeshini. Barua uliyoletewa inahusu daftari. Mama yako alisikia hilo la pili, na mama aliyefiwa na kaka yake namna ile hawezi kulisikia kwa namna nyingine.

Selective Service si jeshi. Ni ofisi ya serikali inayotunza orodha ya wanaume wa miaka 18 hadi 25, ili siku Marekani ikiamua kuwaita watu kwa lazima isianze kutafuta majina. Orodha hii ilirudishwa mwaka 1980, wakati wa Rais Carter, baada ya Wasovieti kuingia Afghanistan. Inawahusu raia, na inawahusu pia wahamiaji karibu wote wanaoishi hapa: wakimbizi, wenye grini kadi, na hata wasio na karatasi. Wasiohusika ni kama wale wanafunzi walioko hapa kwa viza halali ya masomo. Dada zako hawamo, sheria inawataja wanaume tu. Tangu orodha hiyo irudi hadi leo ninapokujibu, hakuna hata mtu mmoja aliyetolewa humo akapelekwa vitani. Walioenda Iraki na Afghanistan walijiunga wenyewe kwa hiari.

Ulitakiwa kujisajili ndani ya siku 30 tangu ulipotimiza miaka 18. Siku hizo zimepita, lakini usishtuke. Waliochelewa wanapokelewa mpaka siku watakapotimiza miaka 26. Baada ya hapo mlango unafungwa na haufunguki tena, na hilo ndilo linalonifanya nisikubaliane kabisa na baba yako mdogo, kwa heshima zote. Kwenye vitabu, adhabu ya kukataa ni kifungo cha hadi miaka mitano au faini ya hadi dola 250,000, au vyote viwili. Sitakutisha na hilo, kwa sababu ni miaka mingi sana serikali haijampeleka mtu mahakamani kwa kosa hilo. Madhara yanakuja kimyakimya. Yanakuja siku unapoomba kazi ya serikali kuu. Yanakuja siku ya uraia, kwa sababu fomu inauliza wazi kama ulijisajili, na mwanaume wa miaka 28 au 30 ambaye hakujisajili analazimika kuthibitisha kwamba hakujua na hakukusudia. Nimekaa kama mkalimani pembeni ya wanaume wa aina hiyo. Mmoja alikuwa na watoto wawili, akilia mbele ya afisa, akieleza kwamba miaka ile aliambiwa na jamaa aichane barua. Wewe barua umeshaijua. Ukisema hukuipata utakuwa unasema uongo chini ya kiapo, na uongo kwenye faili la uhamiaji ni mbaya kuliko kosa lenyewe.

Kabla ya kufanya lolote, angalia kama jina lako halimo tayari. Hujaniambia kama umeshaomba leseni ya udereva. Katika majimbo mengi ukiomba leseni, taarifa zako zinapelekwa Selective Service moja kwa moja. Pia mwanaume anayeomba grini kadi akiwa kati ya miaka 18 na 25 husajiliwa kupitia fomu ile ile, ila wewe ulipata yako ukiwa mtoto kwa hiyo njia hiyo haikukugusa. Kwenye tovuti yao unaweza kuangalia kwa namba yako ya Social Security na tarehe ya kuzaliwa. Ukikuta umo, chapisha ule uthibitisho uutunze. Na hata ukikuta umo, mama lazima aambiwe.

Tarehe utakayoandika ni ile ile ya kwenye grini kadi, 1 Januari. Najua moyo wako unajua mvua ya mwezi wa nne. Lakini hapa si mahali pa kurekebisha. Tarehe mbili tofauti kwenye mafaili mawili ya serikali zitakusumbua siku ya uraia. Na ukihama nyumba, wajulishe ndani ya siku 10. Vijana wengi wetu wanasahau hilo kwa sababu tunahama sana.

Sasa nije kwenye vidonge, maana naona hivyo ndivyo vilivyokunyima usingizi, na hustahili kubaki na nusu ya habari.

Ulichokiona kilifanyika usiku wa Jumatatu, 1 Desemba 1969, Washington. Kabla ya hapo, kamati za mitaani ndizo zilizokuwa zinaamua nani aende, na kijana wa chuo alipewa nafasi ya kusubiri huku kijana wa kiwandani na wa shambani akiondoka. Watu walilalamika sana. Kura ikaletwa ili tarehe ya kuzaliwa iamue, bila kujali baba yako ni nani. Vidonge vya plastiki vilikuwa 366, maana na 29 Februari ilihesabiwa, na kura iliwagusa wanaume wote waliozaliwa kuanzia 1944 hadi 1950. Mbunge mmoja wa New York, Alexander Pirnie, ndiye aliyetia mkono kwanza. Akatoa 14 Septemba. Vijana wote wa tarehe hiyo, nchi nzima, wakawa namba moja. Nchi ilikuwa inatazama kwenye televisheni.

Dereva mmoja wa shirika nililofanyia kazi, mzee wa Kimarekani, alinisimulia usiku huo tukiwa kwenye gari tunasubiri familia iliyokuwa inashuka uwanja wa ndege. Alikuwa na miaka 20, amepanga nyumba na vijana wenzake wanne Akron, Ohio, wote wafanyakazi wa kiwanda cha matairi. Kila mmoja aliweka dola tano kwenye kofia. Walikubaliana kwamba atakayepata namba ya chini kuliko wote ndiye atakayechukua zile pesa, kwa sababu ndiye atakayezihitaji. Wakakaa mbele ya televisheni. Alisema hakuna aliyeongea, ila kila tarehe iliposomwa na si yao, mtu mmoja alikuwa anapumua kwa nguvu. Mwenzao mmoja akatajwa mapema, namba kumi na kitu. Hawakujua wamwambie nini. Yule kijana alisimama, akazitoa zile dola 25 kwenye kofia, akazihesabu, akatoka nje kwenye baridi bila koti kwenda kutafuta simu ya barabarani ampigie mama yake. Mzee alipofika hapo alinyamaza muda mrefu. Yeye namba yake ilipita 300, hakuitwa. Nilimuuliza kama yule mwenzake alirudi. Alirudi, akasema, lakini katika miaka yote iliyofuata hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kuutaja usiku ule mbele yake.

Nimekusimulia hayo kwa sababu sitaki umwendee mama yako na maneno mepesi ya "ni karatasi tu." Kwa vijana wale haikuwa karatasi tu. Waliozaliwa tarehe zilizofika namba 195 waliitwa. Wenye 196 kwenda juu walibaki nyumbani. Kati ya 195 na 196 hapakuwa na kosa wala wema wa mtu yeyote. Hata uchotaji wenyewe ulikuwa na kasoro: vidonge vilipangwa mwezi kwa mwezi, Januari kwanza na Desemba mwisho, na havikuchanganywa vya kutosha, kwa hiyo waliozaliwa miezi ya mwisho wa mwaka wakapata namba za chini kupita kiasi. Wataalamu wa takwimu waliligundua hilo mapema, na kura iliyofuata ikafanywa kwa njia nyingine. Lakini kwa kijana wa Desemba aliyekwisha kuitwa, ugunduzi huo ulimsaidia nini?

Na tarehe yako? Mwaka ule 1 Januari ilipata namba 305. Kwa kura ile, kwaya yenu yote ingebaki nyumbani. Sikuambii hivyo kama bahati njema ya kuitegemea, kwa sababu kura mpya huwa na namba mpya. Nakuambia ili uone kwamba kidonge kimoja kinaweza pia kuwaacha wote.

Lakini lile neno la mwenzenu kwamba kidonge kimoja kinaibeba kwaya nzima, kwa mpango uliopo sasa si kweli. Kura ikifanyika leo, kutakuwa na mitambo miwili, mmoja una tarehe na mwingine una namba, tarehe moja inatolewa pamoja na namba moja. Na mwaka wa kuzaliwa unatangulia. Wa kwanza kuitwa ni wale wanaotimiza miaka 20 mwaka huo. Wakihitajika zaidi wanafuata wa 21, kisha 22, hadi 25. Wa miaka 19 na 18 wako mwisho kabisa wa mstari. Ninyi wanne mna 18, 19, 21 na 24. Mmeandikwa tarehe moja, ndiyo, lakini mko kwenye mafungu manne tofauti. Waambie wenzako. Huenda nao walicheka huku hawalali.

Je, inaweza kurudi? Ndiyo, mwanangu, inaweza, na mtu akikuambia haiwezekani anakubembeleza. Kuwaita watu kwa lazima kulikoma mwaka 1973. Ili kurudi, inabidi Bunge la Marekani lipitishe sheria na rais aitie saini, mbele ya nchi nzima, na wazazi wa vijana wote wakipiga kelele. Baada ya hapo ndipo kura. Baada ya kura ndipo barua ya wito. Baada ya barua, vipimo vya afya. Na kwenye kila hatua kuna mahali pa kusimama na kusema. Anayetegemewa na familia kiasi kwamba akiondoka itaanguka anaweza kuomba aachwe. Anayeamini kwa dhati, kwa dini yake au kwa dhamiri, kwamba kupigana vita vyovyote ni dhambi au ni uovu, anaweza kuomba atambuliwe hivyo, na akikubaliwa anapewa utumishi wa aina nyingine. Kwenye usajili wa sasa hakuna sehemu ya kujaza hilo, na si lazima. Husemi ndiyo kwa vita ukiandika jina.

Kuhusu kuwa mvulana pekee: wengi wanaamini mtoto wa kiume wa pekee haguswi. Hapana. Sheria inamtazama aliyepoteza mzazi au ndugu wa karibu aliyekufa akiwa kwenye jeshi la Marekani. Kuwa pekee nyumbani kwenyewe si kinga, na si sababu ya kutojisajili. Mjomba wako hahesabiwi hapo. Inauma kuiandika sentensi hiyo.

Mama yako, kama watu wengi wa rika lake wa huko Kongo, lazima amesikia habari za bondia Muhammad Ali, aliyempiga Foreman kule Kinshasa mwaka 1974. Muulize kama anajua kwamba miaka saba kabla ya pambano lile mtu huyo aliitwa jeshini, akakataa. Hakujificha wala hakusema barua hakuipata. Tarehe 28 Aprili 1967 alikwenda mwenyewe kwenye kituo cha Houston, jina lake likaitwa, akakataa kupiga ile hatua mbele ya kukubali kuingia jeshini, kwa sababu ya dini yake. Walimnyang'anya ubingwa, akakaa zaidi ya miaka mitatu bila kupigana, akahukumiwa, na mwaka 1971 Mahakama ya Juu ya nchi ikaifuta hukumu ile. Sikupi mfano huo ili uige. Nataka mama aone kwamba katika nchi hii mtu aliyeitwa amewahi kusema hapana, kwa jina lake, mbele ya watu, na akabaki hai kupigana Kinshasa. Njiani kule Fizi, mwaka 1996, kaka yake hakuulizwa. Hakukuwa na barua, wala kamati, wala siku thelathini. Tofauti hiyo ndiyo unayotakiwa kumwonyesha, na huwezi kumwonyesha kama umeshasaini kisirisiri kwenye kompyuta ya shule.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali lako la kwanza: jisajili, na usijisajili kwa siri. Kisheria una miaka 18, huhitaji ruhusa ya mzazi. Lakini siku atakapogundua, na atagundua, kwa sababu karatasi ya kukiri usajili inakuja kwa posta na mdogo wako bado anasoma barua, ataona kwamba mara ya pili mtu wake amechukuliwa bila yeye kuambiwa.

Chagua siku ambayo baba hana zamu. Baba yako anasema "ongea na mama yako," na mimi namwomba kupitia hapa: Baba, kaa kwenye mazungumzo hayo. Huna haja ya kusema mengi. Msimfanye mtoto mdogo mkalimani safari hii. Mkihitaji wa kuisoma barua, ombeni shirika lililowapokea liwape mkalimani, au mtu mzima wa kanisani anayejua Kiingereza na kuweka siri. Aisome yote, neno kwa neno, mama ajisikilizie mwenyewe.

Na kabla ya barua, mwache azungumze habari za mjomba wako. Umeniandikia miaka yake, nyavu begani, na bibi kukataa matanga, lakini jina lake hukuliandika. Pengine umelihifadhi kwa heshima. Pengine mama hajawahi kulitamka mbele yako. Muulize. Muulize alikuwa mtu wa namna gani, alikuwa anapenda kula nini, nani alimfundisha kuvua. Usiharakishe kufika kwenye fomu. Fomu ni dakika tano, umesema mwenyewe, na mpaka miaka 26 ni mbali. Kama siku hiyo mtaishia kwa mjomba tu, ishieni hapo, mrudi siku nyingine. Nakushauri tu mfike kabla hujapeleka maombi ya uraia.

Jambo moja ambalo mama anaweza kukulinda nalo kweli, mpe: shuleni kwenu huenda wanakuja maofisa wa jeshi, wanakaa karibu na kantini na meza yenye kalamu na fulana za bure. Hao si Selective Service. Hao wanatafuta wa kujiunga kwa hiari, na saini yao ni mkataba halisi, wa miaka minane ukijumlisha ile ya akiba. Shule inaweza kuwapa namba yako ya simu, isipokuwa imeandikiwa barua ya kukataa. Mwambie mama kwamba karatasi ya watu hao hutaisaini bila yeye kukaa pembeni yako, na uitimize ahadi hiyo. Kama barua ya kukataa itaandikwa, aiandike yeye kwa Kiswahili, wewe uitafsiri na uisaini. Naye siku atakapoomba uraia wake ataulizwa kama yuko tayari kubeba silaha kwa ajili ya nchi hii sheria itakapotaka. Afadhali alifikirie swali hilo mapema, nyumbani, mkiwa pamoja. Mwenye imani inayokataza silaha anaweza kuomba maneno hayo yaondolewe kwenye kiapo chake.

Ile bahasha usiitoe sandukuni mwenyewe, hata ukijua ufunguo anauweka wapi. Na usiende kwenye tovuti kuchapisha nyingine. Mwombe yeye afungue sanduku, afungue mfuko wa IOM, akupe kwa mkono wake. Akikataa mara ya kwanza, mwache, umwombe tena baada ya wiki. Kisha niandikie, na uniambie mjomba wako aliitwa nani.

Shangazi yako